Kondoo Wanaopita Kiwalani

Kiwalani si mahali pa kufuga kondoo. Nyumba zimebanana, vichochoro vya Bombom na Minazi Mirefu havina majani ya kushibisha hata mbuzi wawili, na ng'ambo ya uzio ndege zinatua na kupaa kutwa kucha. Lakini jirani yetu ni Vingunguti, na Vingunguti kuna machinjio yanayolisha sehemu kubwa ya jiji. Ukiifuata Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto na kusonga mbele, unafika Pugu, kwenye mnada ambako mifugo ya bara hushushwa kutoka kwenye malori. Kwa hiyo mtu wa Kiwalani ambaye hajawahi kukanyaga Kondoa, Longido wala Maswa anaweza kuwaona kondoo wa huko kote bila kulipa nauli ya mbali, wamechanganywa na mbuzi ndani ya fuso moja, vumbi la safari bado liko mgongoni.

Dalali akimshika kondoo pembeni ya lori, jicho lake haliendi usoni. Linaenda nyuma. Anaupima mkia kwa kiganja: shina lina upana gani, mafuta yameshuka hadi wapi, ncha imepinda au imening'inia tu. Halafu anapapasa mgongo juu ya figo, anasogeza mkono hadi kidarini, ndipo anatamka: huyu wa Dodoma, huyu wa Umasaini, huyu kichwa cheusi. Basi. Neno moja la asili au la umbo, na bei inaanza hapo.

Hiyo ni elimu, na ina umri mkubwa kuliko kitabu chochote cha mifugo kilichowahi kuandikwa kuhusu nchi hizi. Wataalamu waliokuja baadaye na karatasi zao nao waliangalia mkia uleule. Tofauti ni kwamba walichokiandika wao kiliamua dume gani anunuliwe kwa fedha za serikali, jike gani apandishwe na mgeni, na kundi gani liachwe lipotee. Majina waliyopewa kondoo wetu yamewaongezea baadhi yao maisha na kuwapunguzia wengine.

Kabla ya kumtambua kondoo kwa mbari yake, kuna kazi ya kumtenga na mbuzi, na watu wasiofuga huidharau. Kondoo wa Tanzania wengi hawana sufu, wana nywele fupi kama za mbuzi, na wengine hawana pembe. Wakiwa wamebanwa ndani ya lori, mgeni huhesabu mbuzi arobaini pale ambapo kondoo ni kumi na tano. Mchungaji hutazama mkia: wa mbuzi umesimama, wa kondoo umelala. Hutazama kidevu kama kina ndevu, na kona ya jicho, maana kondoo ana kishimo chenye tezi mbele ya jicho ambacho mbuzi hana. Ndani kabisa, tofauti ni kubwa zaidi: kondoo ana kromosomu 54, mbuzi ana 60, ndiyo maana wanaweza kulala zizi moja miaka yote na wasipate mtoto wa kuishi na kuendeleza ukoo.

Wakibaki mifupa, hata mchungaji hoi. Mfupa wa paja la kondoo na wa mbuzi hufanana kiasi kwamba kwa miaka mingi waakiolojia waliandika tu "kondoo au mbuzi" kwenye madaftari yao na kupita. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Joachim Boessneck na wenzake nchini Ujerumani walikaa na mifupa ya wanyama hao wawili, kiungo kwa kiungo, wakaonyesha mahali pa kutazama: umbo la kichwa cha mfupa, kingo za kwato, mifereji midogo kwenye kifundo. Siku hizi kuna njia ya kupima protini iliyobaki ndani ya kipande cha mfupa kisichozidi ukucha, nayo humtaja mnyama hata kama umbo limeharibika.

Kazi hiyo ya taratibu ndiyo inayotuwezesha kusema kitu cha uhakika kuhusu wafugaji wa kwanza wa nchi hii. Luxmanda, kwenye uwanda wa juu wa Mbulu mkoani Manyara, Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Mary Prendergast na Katherine Grillo walichimba makazi ya wafugaji ya miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Walikuta vyungu, mawe ya kusagia, na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Huko wanyama wa kufugwa walikuwa wakikamuliwa na kuchinjwa zamani sana kabla mtu yeyote hajaota kujenga mji kwenye bandari ya Mzizima.

Kondoo hao hawakuwa wenyeji wa bara hili. Barani Afrika hakuna kondoo mwitu aliyemzaa kondoo wa nyumbani. Yule wa milima ya Sahara mwenye ndevu za kifuani ni mnyama mwingine kabisa. Kondoo alifugwa kwanza Asia ya Magharibi, kati ya milima ya Uturuki na Iran ya leo, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, akavuka kuingia Misri miaka kama 7,000 iliyopita. Alipofika alikuwa na mkia mwembamba na nywele badala ya sufu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu vitabu vya wakoloni viliwaandika kondoo wetu wa nywele kana kwamba ni kondoo wa sufu walioharibika. Ukweli uko upande mwingine: nywele ndilo vazi la asili, sufu ililetwa na binadamu kwa kuchagua na kuchagua tena.

Misri yenyewe iliacha ushahidi wa mabadiliko ya mbari ambao mtu yeyote mwenye macho anaweza kuusoma. Mungu wao Khnum alichorwa akiwa na kichwa cha kondoo dume mwenye pembe ndefu zilizolala kulia na kushoto, zimesokotwa. Amun, aliyetukuka baadaye, alipewa kondoo mwenye pembe zilizojikunja kuzunguka sikio. Wachongaji hawakuwa wakibuni. Walichonga kondoo waliowaona malishoni, na kati ya zama za mmoja na za mwingine kondoo wa malishoni alikuwa amebadilika.

Mkia mnene ulikuja nyuma ya ule mwembamba. Huko Uruk, Iraki ya leo, wachongaji walikuwa wakiuonyesha tangu miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Herodotus, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alieleza kondoo wa Arabia wenye mikia mirefu na mizito hivi kwamba wachungaji waliwatengenezea vigari vidogo vya kubebea mkia usichubuke chini. Watu wamemcheka kwa habari hiyo, lakini aliyemwona kondoo wa Ugogo mwenye afya baada ya masika, mkia ukimgonga miguu ya nyuma kila akipiga hatua, hatashangaa kwamba kuna mahali mtu alifikiria gari.

Mafuta hayo ni akiba. Kiangazi kikikaza na majani yakabaki vijiti, mnyama huishi kwa kuuyeyusha mkia wake, ndiyo maana mikia minene hupatikana kwenye ukanda wa nchi kavu kuanzia Eritrea hadi Rasi ya Matumaini Mema. Kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, kwenye eneo la Dongodien, mifupa ya mifugo ina umri wa miaka kama 4,000. Huko kusini kabisa mwa bara kondoo walifika miaka kama 2,000 iliyopita, na wachoraji wa mapangoni waliwachora na mikia yao. Waholanzi walipotia nanga Rasi mwaka 1652 walikuta Wakhoikhoi na makundi makubwa ya kondoo wa mkia mnene, wakaanza kuwanunua kwa shaba na tumbaku.

Kutoka Turkana hadi Rasi, njia ya miguu inayoingia akilini zaidi inapita Tanzania. Kondoo wote wa kusini, kwa namna moja au nyingine, walipitia kwetu au jirani na kwetu.

Pwani ina sura yake katika hadithi hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kuhusu mji wa matajiri wenye ngamia wasiohesabika na kondoo wengi. Wareno walipofika Malindi mwaka 1498, zawadi zilizopelekwa chomboni kwa Vasco da Gama zilikuwa na kondoo ndani yake. Mwambao wa Waswahili haukuwa na malisho ya maana. Mbung'o na unyevu viliwaweka ng'ombe mbali. Kondoo na mbuzi ndio waliochinjwa kwenye harusi, akika na sikukuu, na wengi wao walishuka kutoka bara au walivushwa na majahazi kutoka upande wa Somalia.

Uislamu ulileta pwani namna yake ya kumkagua kondoo, makini kuliko fomu nyingi za serikali. Kwa Idi ya kuchinja, kondoo anaruhusiwa akiwa mdogo kuliko mbuzi. Wapo wanazuoni wanaomkubali kondoo wa miezi sita aliyeshiba umbo. Asiwe kipofu, asiwe kiwete, asiwe mgonjwa wa dhahiri, asiwe amekonda hadi mifupa imekauka. Kisha kuna suala la mkia, ambalo kwa wafuasi wa Imam Shafi, na ndio wengi wa mwambao huu, limeelezwa waziwazi: aliyezaliwa bila mkia anafaa, aliyekatwa mkia hafai. Sheria hiyo iliandikwa karne nyingi zilizopita, na sasa kwenye minada ya Dar es Salaam, siku za kuelekea Idi, ndiyo inayomfanya mnunuzi amgeuze mnyama na kumtazama nyuma kwa sababu ambayo dalali wa nyama hana. Mikono miwili tofauti kwenye mkia mmoja: mmoja unapima mafuta, mwingine unatafuta kovu.

Mafuta ya mkia yenyewe yana heshima ya dawa. Imo hadithi ya Mtume inayotaja mafuta ya mkia wa kondoo kama tiba ya maumivu ya mshipa wa nyonga hadi mguuni. Wamasai, bila kusoma kitabu hicho, humnywesha mzazi mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa ili arudishe nguvu. Kwa hiyo kondoo mwekundu wa Kimasai hakuwa mnyama wa nyama tu. Alikuwa jiko, duka la dawa na mahari ndogo kwa pamoja.

Sasa niseme habari ya kichwa cheusi, maana katika majina matatu ya mnadani hili ndilo lililosafiri zaidi.

Karibu mwaka 1870 meli moja iliyokuwa na kondoo wa chakula iliingia kwa dhiki Struisbaai, pwani ya kusini ya Afrika Kusini. Ndani yake walikuwamo kondoo weupe mwili, weusi kichwa na shingo, makalio yamejaa mafuta na kijikia kifupi juu yake. Inasimuliwa kwamba waliobaki kuwa mbegu walikuwa dume mmoja na majike watatu. Wenyeji wa huko waliwaita kondoo wa Uajemi. Hawakuwa wa Uajemi. Ni kondoo wa Wasomali, walewale ambao mpaka leo hupakiwa Berbera kwa mamia ya maelfu kwenda kuchinjwa Saudi Arabia msimu wa Hija. Lakini jina likashika, mwaka 1906 likaingizwa kwenye vitabu vya ukoo vya Afrika Kusini, na tangu hapo mali ya Wasomali ikatembea duniani na pasi ya kusafiria ya nchi nyingine. Wabrazili, waliopokea kondoo wa ukoo huohuo mwaka 1939, angalau waliwaandika kwa jina la Somalia.

Naumia kila ninapoliona jina hilo la Uajemi kwenye taarifa za mifugo za nchi yetu, kwa sababu linaficha mahali pa kwenda kuuliza. Mtaalamu anayetaka kujua kondoo huyu anavumilia ukame kiasi gani, anakula vichaka gani, anazaa mara ngapi, jibu liko kwa wafugaji wa Hargeisa na Garissa, si Shiraz.

Miaka ya 1930 serikali ya Afrika Kusini ilitaka kondoo wa nyama kwa ajili ya sehemu kavu, atakayeuzika London. Wakampandisha jike kichwa cheusi kwa dume la Dorset Horn kutoka Uingereza. Mtoto aliitwa Dorper, herufi tatu za kwanza za Dorset na za Persian zilizounganishwa, na chama cha wafugaji wake kikaundwa mwaka 1950. Ni mnyama mzuri, sina sababu ya kumsema vibaya: anakua haraka, ana mapaja, ana mgongo mpana. Alifika Kenya, akafika Tanzania. Vichwa vyeusi halisi nao waliletwa kwenye mashamba ya serikali, pamoja na ranchi ya West Kilimanjaro, ili madume yao yagawiwe kwa wafugaji. Hivyo kondoo aliyetoka Somalia alizunguka hadi ncha ya bara, akabadilishwa jina, akarejea kaskazini akiwa "mbari bora iliyoagizwa kutoka nje".

Wakati huo huku kwetu uainishaji ulikuwa ukienda kwa hatua za polepole. Linnaeus, Mswidi aliyepanga majina ya viumbe, alikuwa amemwandika kondoo wa nyumbani kwa jina la Ovis aries mwaka 1758, na humo humo akamtenga kondoo wa Guinea peke yake kwa sababu ya umbo lake la Kiafrika. Wajerumani walianzisha maabara ya mifugo Mpwapwa mwaka 1905. Reli ya Kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, kondoo wa Ugogo alipata njia ya kufika Dar es Salaam bila kutembea. Jina "wa Dodoma" tunalolisikia Pugu na Vingunguti lina harufu ya behewa ndani yake. Halimaanishi kuwa kondoo huyo ni wa mji wa Dodoma, linamaanisha kituo alikopandia.

Walowezi walitaka sufu. Lord Delamere alijaza Njoro, nchini Kenya, kondoo wa sufu kutoka ng'ambo mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wakamfia, akalazimika kupandisha madume ya Ulaya kwa majike yaliyonunuliwa kwa Wamasai. Mwaka 1930, kwenye shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, majike yalianza kutupa mimba na wanakondoo kufa kwa wingi ndani ya siku chache za kuzaliwa. Daubney, Hudson na Garnham walioutafuta ugonjwa huo waliuandika mwaka 1931 kwa jina la Homa ya Bonde la Ufa. Kondoo wageni ndio walioutangaza. Ugonjwa huohuo, ulipolipuka Tanzania mwanzoni mwa 2007 na Dodoma ikaumia kuliko mikoa mingine, uliwafanya wateja wa Dar es Salaam waogope nyama mabuchani kwa wiki kadhaa, na hapa mitaa ya jirani na machinjio, ambako watu wengi wanaishi kwa kuchuna, kubeba, kuchoma na kuuza utumbo, kila nyumba iliujua mlipuko huo kwa mfuko wake.

Kitabu kilichoweka mpangilio ambao bado unatumika ni cha I. L. Mason na J. P. Maule, kilichotoka mwaka 1960, kuhusu mifugo ya asili ya Afrika Mashariki na Kusini. Waliwagawa kondoo kwa mkia: mwembamba, mnene, na wale ambao mafuta yako makalioni. Kwa Tanganyika waliweka kondoo wa Kimasai upande mmoja, na wale wa mkia mrefu mnene upande mwingine. Dalali wa Pugu akisoma ukurasa huo atatikisa kichwa kwa kukubali, halafu atauliza mbona wa Usukuma na wa Ugogo wamefungwa kamba moja. Na swali lake ni la haki. Kwa mwandishi aliyeketi Edinburgh, kondoo wa kati na wa magharibi mwa Tanganyika walikuwa kundi moja kubwa la "mkia mrefu". Kwa mnunuzi, hawa na wale hawana mifupa ileile, hawana masikio yaleyale, wala hawakondi kwa kasi ileile wakikaa zizini siku tatu wakisubiri bei.

Lakini jambo lililonisukuma kuandika haya ni kondoo mwekundu wa Kimasai. Ukimwona utamjua: nywele za kahawia nyekundu, mara nyingine madoadoa meupe au rangi ya udongo, mkia mnene unaotanuka juu na kusinyaa chini, mwili wa wastani. Pembeni ya Dorper anaonekana mdogo. Kwa macho ya afisa mifugo wa miaka ya 1970 alikuwa tatizo la kutatuliwa. Serikali ya Kenya ilianza kusambaza madume ya Dorper kwa bei ya ruzuku, na katika miaka iliyofuata Wamasai wa Kajiado waliwapandisha majike yao kwa wingi. Mpaka wa Namanga haukuwazuia kondoo. Madume machotara yaliingia Longido na Monduli kwa mahari, kwa kununuliwa, na kwa kujipenyeza usiku kwenye kundi la jirani.

Katika miaka hiyohiyo, watafiti Preston na Allonby walikuwa wakiwalinganisha kondoo wa mbari mbalimbali nchini Kenya dhidi ya mnyoo wa tumbo aitwaye Haemonchus contortus. Mnyoo huyu hukaa kwenye tumbo la nne na kunyonya damu. Kondoo aliyeshambuliwa hana homa ya kuonekana: anapauka. Ukivuta kope ya chini kwa kidole gumba utaona utando wa jicho umekuwa mweupe badala ya mwekundu, na chini ya taya panavimba maji. Afrika Kusini, daktari wa mifugo Faffa Malan aliifanya ishara hiyo ya kope kuwa kadi ya rangi tano, ili mfugaji ampe dawa anayehitaji tu na asiwanyweshe wote. Preston na Allonby waliandika mwaka 1978 na 1979 kwamba kondoo mwekundu wa Kimasai alimstahimili mnyoo huyo kuliko wenzake.

Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo, ambacho leo ni ILRI, kikalichukua suala hilo hadi pwani. Kuanzia 1991 hadi 1996, Leyden Baker na wenzake waliwafuga kondoo wekundu wa Kimasai na Dorper pamoja Diani, kusini ya Mombasa, mahali penye joto, mvua na minyoo kama Dar es Salaam. Wanakondoo wa Dorper walizaliwa wakubwa, wakafa wengi. Wekundu walizaliwa wadogo, wakaishi. Ukihesabu kundi zima, yaani kilo za nyama zinazotoka kwa majike wote kwa mwaka baada ya kuondoa waliokufa, mwekundu alizaa mara kadhaa zaidi. Kwenye nyika kavu ya Kapiti, ambako minyoo ni michache, Dorper alijitetea vizuri. Maana yake kila kondoo ana mahali pake, na mwekundu alikuwa amehukumiwa kwa mizani ya mahali pasipo pake.

Kufikia hapo, kumpata mwekundu asiyechanganyika kulikuwa kumekuwa kazi. Jina lilikuwepo, rangi ilikuwepo, lakini chini ya nywele nyekundu mara nyingi kulikuwa na damu ya Dorper. Macho ya dalali, niliyoyasifu tangu mwanzo, yanafika ukomo wake hapa, kwa kuwa chotara wa kizazi cha tatu anaweza kuwa mwekundu kuliko babu yake. Hapa ndipo vinasaba vilipohitajika. Mwaka 2012 timu ya kimataifa ilitoa matokeo ya kondoo 2,819 wa mbari 74 duniani, waliosomwa kwenye alama karibu 50,000 za vinasaba, na mwekundu wa Kimasai alikuwemo akiwakilisha Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata Profesa Anne Muigai wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, pamoja na Olivier Hanotte, waliunganisha vinasaba na akiolojia wakaonyesha jinsi kondoo wa mashariki na kusini mwa Afrika wanavyoshikana katika safari moja ya kale, iliyo mbali na ya wale wa mkia mwembamba wa magharibi. ILRI wanalo kundi la wekundu Kapiti mpaka leo. Na wafugaji wa upande wa Amboseli walipoulizwa wanamtaka kondoo gani, hawakusahau ni yupi aliyebaki hai ukame ulipokaza.

FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, inakubali kwamba mbari si ukoo wa vinasaba tu. Kundi linalotambuliwa na jamii yake kuwa ni kundi la peke yake, kwa sababu ya mahali au utamaduni, nalo ni mbari. Mwaka 2007 huko Interlaken, Uswisi, nchi zilikubaliana mpango wa dunia wa kulinda rasilimali hizo, na hatua ya kwanza iliyoandikwa ni kuzitambua na kuziorodhesha. Tanzania ina kondoo kwa mamilioni. Tukisema "wa mkia mrefu", "Mmasai" na "kichwa cheusi" tumemaliza orodha ambayo wengi wetu tunaijua, na ndani ya lile kundi la kwanza kumelala kondoo wa Ugogo, wa Usukuma na wa sehemu nyingine ambao hawajapata hata mtu mmoja wa kuwatetea kama mwekundu alivyotetewa.

Mwongozo wa FAO wa mwaka 2012 unataja vipimo vya kuanzia, wala havihitaji maabara: urefu wa mwili, kimo begani, mzunguko wa kifua, urefu wa sikio, urefu wa mkia na mzunguko wake, umbo la pembe, rangi. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Mifugo inayoingia Dar es Salaam inakuja na kibali kinachoonyesha ilikotoka, na tangu Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 serikali imekuwa na msingi wa kumfuata mnyama kwa namba yake. Pugu na Vingunguti kila siku wanashushwa kondoo ambao mtafiti angezunguka wilaya nyingi kuwapata. Wanafunzi wachache wa mifugo kutoka Morogoro, wakikaa hapo mwaka mzima na utepe, kamera na nakala za vibali, huku wakiwauliza madalali kila kondoo wanamwitaje na wamemjua kwa nini, watapata rekodi ambayo Mason na Maule hawakuwa nayo. Kazi ianze mwezi wa Idi, wakati malori yanapofuatana usiku kucha kwenye Barabara ya Nyerere na kondoo wa nchi nzima wako jijini kwa wiki moja.